Hallbera na Chuma Kitupu

Mimi ni mlinzi wa bwawa la kuogelea la kijiji chetu, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hakuna neno hapa Iceland lisilopitia kwanza kwenye kibwawa cha maji moto. Humo ndimo Ásgrímur alimotangaza, mwezi wa pili, theluji ikimwangukia kichwani, kwamba kondoo wa marehemu kaka yake afadhali wahamie kwake. Mjane wa kaka yake, Hallbera, alikuwa ameketi mkabala naye, maji yakimfika shingoni.

Hallbera alikuwa mkutubi wa miaka hamsini na minane, mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Kwetu kondoo wakiteremshwa kutoka milimani mwezi wa tisa huchanganyika wote ndani ya boma moja. Unamkamata mmoja pembe, unambana katikati ya mapaja, unamsukuma hadi zizi la mwenyewe. Msimu uliopita mumewe alikuwa hata arobaini yake haijafika, na majirani walimfanyia Hallbera kazi yote huku yeye akishika lango. Kushika lango ni kazi ya wagonjwa.

"Kupenda si kuweza, shemeji," Ásgrímur alimwambia, wala hakusema kwa ubaya. "Kondoo wanataka mikono."

"Nipe hadi mwezi wa tisa. Nikisaidiwa hata kondoo mmoja, wapakie wote arobaini siku hiyohiyo."

Ásgrímur alikubali upesi, kama mtu aliyekwisha shinda. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na habari.

Hallbera hakuwa na mtu wa kumfundisha, basi akafanya anachojua: akatoa kitabu maktabani. Kilikuwa kitabu cha kujenga nguvu kwa wanaoanza, na alikuja nacho kwenye chumba changu cha mazoezi ya vyuma, kando ya bwawa, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ukurasa wa kwanza uliagiza aanze na chuma kitupu, kile kirefu cha kilo ishirini, bila kuongeza uzito wowote pembeni. Achuchumae nacho, ainuke. Kila siku ya mazoezi aongeze kilo mbili na nusu, aandike, siku inayofuata apumzike.

Tatizo ni kwamba chumba changu kina dirisha kubwa linalotazama kibwawa. Wazee walikuwa wameegemeza videvu ukingoni, wanamkodolea macho.

"Torfi, siwezi kunyanyua chuma kitupu mbele ya watu hawa," akaninong'oneza.

"Kitabu kimesema."

"Aliyekiandika hawajui watu wa hapa."

Hapo akafanya kosa ambalo kwetu sote limo damuni. Ufukweni, ng'ambo ya uzio wa bwawa, yako mawe manne ya wavuvi wa kale, na zamani asiyenyanyua la pili kwa wepesi hakupata nafasi mashuani. Mtu wa hapa hajifunzi kunyanyua. Huliendea jiwe, akanyanyua au akaaibika. Hallbera akaliendea la pili, kilo hamsini na nne. Jiwe likaachana na ardhi kiasi cha upana wa kidole, na mgongo wake ukaachana naye kabisa.

Alilala wiki mbili. Nilimpelekea supu ya nyama ya kondoo, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikamsomea ukurasa wa kwanza mara tatu, kwa sauti. Alisikiliza macho yakiwa darini, akalia kidogo, akaomba supu nyingine.

Aliporudi nilitaka kuvuta pazia. Akakataa. Alichuchumaa na chuma kitupu mbele ya kibwawa kizima, na nahodha mstaafu Eyvindur akafungua dirisha kuuliza kama atahitaji msaada wa kubeba ile penseli ya kuandikia.

"Subiri nimalize," Hallbera akamjibu akihema, "nije nikubebe wewe."

Haba na haba, visahani vya chuma vikaongezeka. Msimu wa kuzalisha kondoo alikuja nywele zimejaa nyasi kavu, lakini alikuja. Kufikia mwezi wa sita wazee hawakucheka tena, walimhesabia. Siku alipoinua kilo themanini kutoka sakafuni nilifurahi hata nikakaribia kumruhusu aingie bwawani bila kuoga kwanza. Nikajizuia, sheria ni sheria.

Siku ya kutenga kondoo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hallbera hakukimbilia wakubwa. Alianza na wepesi, kama kitabu kinavyotaka. Jirani mmoja, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kumshikia jike aliyekuwa akikukuruka.

"Usiguse!" Hallbera akapiga kelele, na yule bwana akainua mikono yote miwili juu.

Saa sita mchana walibaki wawili. Akalivamia dume jeusi lenye matope hadi machoni, likamburuta, akaliburuta, wakavuka boma zima. Kwenye lango lake akalifuta sikio aone alama ya mwenyewe. Lilikuwa dume la Ásgrímur.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kisha akaligeuza lile dume, akalivusha boma kwa mara ya pili.

Ásgrímur alikuwa amekaa langoni pake akishika kiuno, kazi imemlemea. Akasimama kulipokea, likampiga kumbo, akakaa matopeni. Hallbera akalisukuma ndani kwa goti, akafunga lango, akaenda kuwafuata wawili wake. Wa mwisho alikuwa jike kizee anayejua njia.

Ásgrímur alihesabu arobaini kwa kidole, matope yakimdondoka, akasema, "Wako, shemeji." Hallbera akambusu yule jike kizee kwenye pua. Mimi nililia na sioni haya.

Jumatatu asubuhi Ásgrímur hakwenda kwenye maji. Aliingia chumba changu na kile kitabu, amekiazima, na kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Nje, Hallbera na wazee walikwisha egemeza videvu ukingoni. Akaniomba nivute pazia.

Nikamwambia limekwama.