Mkasi Afunika Maneno ya Mdogo Wake

Kwa kukata, hakuwapo wa kumshinda. Miaka kumi na miwili alisimama kwenye mashine ya kukatia karatasi ya kampuni ile ya vitabu, akinyoosha kingo za manga za mapenzi mpaka zikawa kama zimepigwa pasi. Ndiyo maana wakamwita Mkasi. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye kitambulisho, likiota kutu.

Siku hizi hakati karatasi, anakata watu. Bosi alimpa meza ya upimaji, aamue hadithi ipi ichapwe, baada ya kugundua kwamba mama huyu, katika kukata kwake, alikuwa anasoma. Na akisema kitabu fulani kitarudi, kilirudi kweli, marobota kwa marobota, pamoja na vumbi lake. Wasomi wa kampuni, wenye vyeti vya kutundika ukutani, walikuwa wakisema "hii inagusa hisia", na hisia zenyewe zikirudi kutoka madukani zimefungwa kamba. Mkasi, aliyeishia darasa la saba na nusu, alikuwa akicheka kwa pua.

Kwa asiyejua, manga ni hadithi ya michoro inayofunguliwa kutoka kulia, fremu kwa fremu, watu wakisema ndani ya vipovu. Na manga ya mapenzi, tusidanganyane, hufa kwa magonjwa yaleyale. Msichana analia kabla hatujajua analilia nini. Kijana mzuri hana kazi, hana mama, hana hata kikohozi, ana nywele tu. Kila anayeachwa mvua inamnyeshea, mpaka unajiuliza watu hao wanaanikaje nguo. Mkasi aliyaandika hayo kwa kalamu nyekundu, bila salamu. Mchoraji mmoja alirudishiwa kazi yake na ujumbe huu: kijana wako angefariki ukurasa wa pili, tungeokoa karatasi.

Njia yake ya kupima ilikuwa ya kijeuri. Alichukua vipande vyembamba vya karatasi, yale masalia ya mashine, akavibandika juu ya kila kipovu na kila maelezo, ukurasa mzima ukawa bubu. Kisha alimwita Fundi wa mashine ya kuchapa, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, mpenzi wa mpira asiyejua mapenzi mengine, amsimulie anachokiona. Mkasi ndiye aliyemfunulia kurasa, mmoja mmoja, kama anayemlisha mgonjwa uji. Fundi akisimulia kilekile kilichoandikwa chini ya vipande, kazi imepita. Akisimulia kingine, kazi imetupwa. Na mchoraji aliyetupwa mara tatu, jina lake hufutwa asikanyage tena pale. Hiyo ya mara tatu ilikuwa sheria ya Bosi, lakini Mkasi aliipenda kama mtoto wa kumzaa.

Mara moja tu njia hiyo ilimwaibisha. Alitupa hadithi ya muuguzi na dereva, kwa kuwa Fundi aliona mapenzi mahali ambapo vipovu vilijaa matusi. Kampuni nyingine ikaiokota, ikachapa, ikachapa tena, watu wakaigombania. Ukitaka Mkasi akununie wiki nzima, mtajie yule muuguzi.

Sasa basi, Jumanne moja asubuhi, kwenye rundo la bahasha, ikatokea ya Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake, mtoto wa mwisho kwa mama yao. Mkasi alimlea tangu ana miaka tisa, akamsuka, akampigia pasi sare za shule, akamchapa ilipobidi na isipobidi. Halafu Kitinda akapata mchumba. Mkasi alimtazama mchumba mara moja, akasema hilo ni shati tupu, mwenyewe hajaletwa. Wakarushiana maneno mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Kitinda akaondoka na begi lake. Siku ya harusi Mkasi aliwaambia ndugu kwamba ana homa, kumbe alikuwa juu ya kiti anafuta madirisha. Miaka minane ikapita hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake afe kwanza ili amsamehe.

Kitinda alikuwa ametuma kazi mbili, na Mkasi alizitupa zote. Nazo zilikuwa mbovu, hilo lisemwe. Hii ilikuwa ya tatu. Ndani yake, msichana mpole anataka kuolewa, na dada yake mkubwa anamzuia kwa wivu. Mkasi ana baka kidevuni. Dada wa kwenye manga naye alikuwa na baka kidevuni, ila la kuchorwa lilikuwa kubwa zaidi, na lilikuwa limeota nywele.

Ofisi nzima, isipokuwa Fundi, iliisoma kabla haijafika mezani kwake. Alisikia vicheko kwenye birika la chai, akaingia, vicheko vikageuka kikohozi. Akaenda kwa Bosi akamwambia safari hii anataka mchoraji awepo wakati kazi inapimwa. Bosi hupenda ugomvi mradi si wake, akakubali.

Alhamisi Kitinda akaja. Alimsalimu Bosi, akamwamkia Fundi, akakisogeza kiti kwa adabu kana kwamba nacho ni mtu mzima. Mkasi akamruka.

"Bi mpimaji," Kitinda alisema akikaa, "baka nimelipatia? Nilichora kwa kumbukumbu."

"Umelipendelea," Mkasi akajibu. "Tuanze."

Fundi akainamia kurasa zilizofunikwa. Alimpata msichana, akampata dada mkubwa, akafika kwa mchumba akasita. Akauliza kama hili ni koti limetundikwa au ni mtu. Mkasi alimwambia aendelee, na ndani ya kifua chake kulikuwa na sherehe. Kitinda aliuma mdomo. Ukurasa wa tano, wa nane, wa kumi na mbili, koti likatokea likapotea, na Fundi alikuwa keshaanza kutazama saa ya ukutani.

Walipofika ukurasa wa kumi na tisa, akaacha kuitazama saa. Hapo dada mkubwa anamfungia mdogo wake begi. Fremu sita, na zote sita ni mikono tu: mikono inakunja sketi, inanyoosha kola, inatia sabuni ndani ya soksi isichafue nguo, inasugua mshumaa kwenye zipu iliyogoma. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu mkubwa anampenda huyu mdogo," alisema, "kuliko lile koti linavyompenda. Ila hajui aseme vipi."

"Hapana," Kitinda akamkatiza. "Huyo ni mbaya, baba. Anamfukuza. Tazama mwenyewe." Na kabla hajazuiwa akanyoosha mkono akabandua kipande. Chini yake kipovu kilisema: Toka na matambara yako, na usinijue tena.

Hapo Bosi akafungua kalamu afute jina. Picha inasema hivi, maneno yanasema vile. Kwa njia ya Mkasi kazi imekufa, na aliyeifichua maiti ni mwenye kazi mwenyewe. Kitinda alielewa mkono ukiwa bado hewani. Akakirudisha kile kipande mahali pake, akakibonyeza kwa kidole gumba, lakini neno likishaonekana limeonekana.

Mkasi alikuwa na kazi ya kutikisa kichwa tu. Miaka minane alikuwa akikiota kichwa hicho kikitikisika.

Lakini yale maneno alikuwa anayajua. Ni yake, aliyasema mlangoni siku ile, neno kwa neno. Na sabuni kwenye soksi ni yake pia. Alidhani Kitinda hakumwona; siku ile mtoto alikaa akitazama ukuta, amempa mgongo. Kumbe mgongo nao ulikuwa na macho, na macho yale yalichora mikono vizuri kuliko yalivyochora uso wa mume.

Wakati anawaza hayo, Fundi hakusubiri kulishwa. Alilamba kidole akafunua ukurasa mwenyewe. Akafunua wa pili. Halafu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaanza kubandua vipande kimoja kimoja kwa kucha, asome yule dada atasema uovu gani tena, huku anaguna peke yake kama mtu aliye uwanjani na timu yake inapeleka mpira langoni.

Mkasi akamkumbuka muuguzi na dereva. Matusi mdomoni, mapenzi machoni. Hicho ndicho watu walichokigombania, na hicho ndicho njia yake ilichokuwa inakiua kila mara kilipopita mezani. Alikuwa amewatupa wote ambao mdomo wao unakwenda huku na mkono unakwenda kule, akabakiza wale wanaosema "nakupenda" na wanapenda kweli, watu wasio na hadithi. Kulikubali hilo kimoyomoyo kulimuuma. Kulisema mbele ya Bosi, na mbele ya adui aliyemchorea nywele kidevuni, kulikuwa kumeza msumari.

"Inapita," akasema.

Bosi akauliza inapita kwa sheria gani.

"Njia ndiyo mbovu. Na ni yangu." Kisha akamgeukia Kitinda kabla hajapata muda wa kupumua. "Usinishukuru, sijafika huko. Koti lako bado ni koti, ukalitafutie mifupa. Na haya maelezo ya juu ya fremu, sijui dada mwenye choyo alifurahi moyoni, yote yatoke. Unatuonyesha mikono halafu unatupigia kelele masikioni."

"Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema."

"Najua. Ndiyo maana ni mabaya."

"Nikiyatoa watakuonea huruma."

"Hilo ni kosa la mchoro wako, si langu."

Kitinda alitazama mlango. Angeweza kuondoka na heshima yake, jina lifutwe, akamsimulie shati lake nyumbani jinsi alivyoonewa. Alikaa. Aliomba dawa nyeupe ya kufutia, akainama, akafuta maelezo kurasa thelathini na mbili, kila mpako kama anampaka mtu chokaa machoni. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa mbili. Alipomaliza akazisukuma kurasa upande wa pili wa meza. Elezo moja aliliacha, ukurasa wa ishirini na saba, juu ya kichwa cha yule dada: Alikuwa na roho ya korosho.

Mkasi akalisoma. Akalipima kwa rula.

"Herufi zimebanana," alisema. "Panua."

Kitinda akalipanua mpaka likajaza upana wote wa fremu, kiasi kwamba baka lenyewe likaonekana dogo. Mkasi akagonga muhuri.

Kitinda alimuaga Bosi, akamuaga Fundi, akatoka. Bosi, ambaye hupenda mambo yaishe watu wamekumbatiana, aliuliza kama si vizuri dada akamsindikiza mdogo wake hadi kituoni. Mkasi alimwambia kituo anakijua na miguu anayo, na kwamba kazi ya ofisi ile ni kuchapa vitabu.