Panga la Jirani na Migomba Yangu

Nilikata mgomba mgonjwa, nikalipangusa panga kwenye nyasi kama mtu anayepangusa kijiko, kisha nikaendelea kupogoa migomba mizima yote. Huo ndio ujinga wangu. Na panga lenyewe halikuwa langu, lilikuwa la jirani. Langu lilivunjika mpini, na kwenda sokoni Keumbu kutafuta mwingine ni shughuli: uvae viatu, usalimiane na watu.

Haikuchukua muda majani yakageuka manjano, yakalegea. Kila shina nililokata lilitoa ute. Nikampigia simu binti yangu, anayesomea vijidudu chuoni. Akauliza kama nililichoma panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Nikamwambia nililipangusa kwenye nyasi. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba bakteria anayeleta ugonjwa huo ana ngozi mbili. Ya nje ina vitundu, na chakula cha chembe ndogo hujipitia chenyewe. Kilicho kikubwa, au adimu kama madini ya chuma, hunaswa kwenye mlango wake maalumu, halafu nguvu za ngozi ya ndani huuvuta ufunguke, kiingie.

"Yeye hahangaiki, baba. Wewe umembeba kwa panga hadi kwenye chakula, yeye anavuta tu."

Nikaona huyo ni wa ukoo wangu kabisa. Hata mimi chai huletewa.

Ila kicheko hakikuja. Jirani yangu ni mjane, na wajukuu wake wanakula kwa ndizi anazouza. Tangu siku ile alikuwa akilidai panga lake kutoka ng'ambo ya ua, akiniita bwana kiti kwa kuwa sibanduki kitini, nami nikimjibu kesho. Sikukumbuka kama niliwahi kulirudisha hata mara moja katikati, naye akalitumia kwenye migomba yake.

Nikalitia panga kwenye makaa ili nimpelekee likiwa safi, nikaketi na kikombe changu, nikasahau. Nililitoa likiwa jekundu, mpini umekuwa mkaa.

Nilimpelekea jirani hivyo hivyo, nikamweleza yote. Akaingia shambani kwake akikagua mgomba mmoja mmoja, mimi nimesimama langoni, nimechoka kuliko mtu aliyelima. Majani yote yalikuwa mabichi. Aliporudi akalipokea panga, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Uvivu wako wa kutolirudisha ndio umeniachia ndizi zangu. Lakini hili moto umelimaliza makali, sasa halikati hata sukuma wiki. Kesho uende Keumbu uniletee lingine, na uende mwenyewe."