Siku Niliyobadilisha Hatifungani Kuwa Kiti cha Mbele

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoazima viatu vya shemeji yangu nikaenda Masasi kukaa kiti cha mbele. Viatu vilinibana mpaka nikawa natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, lakini moyoni nilikuwa bwana mkubwa. Ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni moja ya kubangua korosho, na mimi, Dastani wa Makote, niliyemaliza darasa la saba nikarudi shambani, nilikuwa naingia pale kama mwenye kampuni.

Usicheke. Najua nina miaka thelathini na tatu, na ndevu zangu ukianza kuzihesabu utamaliza kabla chai haijapoa. Najua pia kukuita mwanangu ni kukuonea, maana umenizidi hata urefu. Lakini kwenye mambo ya hisa na hatifungani mimi nimezeeka mapema, kwa hiyo kabla hujaipeleka popote hela yako ya korosho, kaa nikusimulie kizee.

Miaka miwili kabla ya mkutano ule, korosho zetu zilienda vizuri mnadani. Hela ilipoingia, wenzangu wakanunua pikipiki. Wengine wakawatoa watoto jandoni kwa sherehe yenye spika ndefu kuliko nyumba. Mimi nilikuwa na jambo moja linaninyima raha: maji. Huku juu Newala hali unaijua. Mama yangu alikuwa anashuka bondeni alfajiri na ndoo, halafu anaupanda mlima nayo kichwani, na goti lake lile linalolia kama mlango. Nilimwahidi kisima cha kuvuna maji ya mvua, kile cha kuchimba uani, ukakijengea tofali, ukasakafia saruji, bati la nyumba likamwaga humo.

Jirani yetu Mama Anjela ndiye aliyenishika mkono. Huyu mama ni kungwi, anaitwa kila penye unyago kuanzia Mnyambe mpaka Tandahimba, na mdomo wake haujui likizo. Akaniambia, "Dastani, hela yote ukiifukia kwenye kisima, mwakani salfa ya kupulizia mikorosho utanunua na nini? Na goti la mama yako utalitibu na nini? Tafuta pa kuiweka izae, kisima ukijenge kwa kinachozaliwa."

Yeye mwenyewe alikuwa na hisa za upendeleo za ile kampuni. Hisa hizo hazina kura kwenye mkutano, lakini gawio lake limepangwa kabisa, na linatoka kabla ya la watu wa hisa za kawaida, wale wenye kura. Mimi akanishauri hatifungani. Yaani unaikopesha kampuni, inakupa riba kila baada ya miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia mtaji wako. Hatifungani yangu ilikuwa na kijimlango: kila ukitimia mwaka, ukitaka, unaruhusiwa kuibadilisha iwe hisa za kawaida. Ukitaka, mwanangu. Hilo neno lilikuwa limeandikwa, na mimi kusoma najua.

Basi, riba ya kwanza ikachimba shimo. Riba ya pili ikanunua tofali, fundi akazipanga vizuri ukutani. Riba ya tatu ndiyo ingekuwa ya saruji ya kusakafia, mfuniko na mifereji ya bati. Mama alishaanza kupita pale uani anachungulia shimo na kulisemesha, "Na wewe utajaa tu."

Hapo ndipo ikaja barua kwamba mwaka umetimia, anayetaka kubadilisha abadilishe.

Sasa nikueleze ujinga wangu, maana ni ujinga wa mtu wa huku huku, wa Dodoma asingeuweza. Huku kwetu mtu akibanwa na shida anakodisha mikorosho yake. Anayekodi anavuna msimu ule, korosho zikiisha anafunga magunia yake anaondoka. Shina linabaki la mwenyewe. Na wewe unajua tunavyomwangalia aliyekodi: anavuna, lakini kwenye shamba lile hana neno. Mimi nikapiga hesabu zangu za kijijini. Nikasema, hatifungani ni kukodi, riba ni korosho za msimu, mwenye hisa ndiye mwenye shina. Ukoo wetu mzima una mashina, leo mimi niwe mtu wa kukodi?

Nikaenda kumuaga Mama Anjela kama mtu anayekwenda kuoa.

"Shikamoo, Mama Anjela."

"Marahaba, baba. Mbona unang'aa? Umepaka mafuta ya kupikia?"

"Nakwenda kubadilisha. Nataka shina."

Akaacha kupepeta mchele wake. "Shina gani tena?"

Nikamweleza mambo yangu ya mikorosho, vizuri kabisa, na mikono nikitumia. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni adimu.

"Dastani," akasema, "aliyekodi mikorosho, msimu ukiwa mbaya anapata nini?"

"Hapati kitu. Imekula kwake."

"Na wewe kwenye karatasi yako, msimu ukiwa mbaya?"

"Riba yangu iko pale pale."

"Sasa huyo mtu wa kukodi wa wapi anayelipwa hata korosho zikigoma? Wewe hukukodi, mwanangu. Wewe ni wa kupakuliwa kwanza. Umeshaona unyagoni tunavyogawa wali? Tunaanza makungwi, wanafuata wageni tuliowaalika, halafu ndiyo wenye shughuli wenyewe. Wali ukiwa mwingi, wenye shughuli wanakula kutuzidi, na nyama wanachagua. Ukiwa mdogo, wanakwangua sufuria. Wewe umekaa mkekani na makungwi, sahani iko mbele yako, unanyanyuka kwenda kugombania ukoko?"

"Lakini wenye shughuli ndio wanaoitwa mbele, Mama Anjela."

"Ahaa. Kumbe unataka kuitwa."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amepatia. Nikaenda nikasaini. Mama nilimwambia nimempandisha cheo mwanawe, sasa ana kura. Akauliza, "Hiyo kura inashika maji?" Nikamwambia avute subira, gawio la wenye kampuni huwa nono kuliko riba. Na kweli kuna miaka huwa nono, sikumdanganya. Nilichosahau kumwambia ni kwamba kuna miaka halipo.

Mwaka ule mikorosho ilipotoa maua, mvua ikanyesha wakati usio wake. Ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, ukashika, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka. Korosho zikawa chache, bei mnadani ikapanda, wanunuzi wakubwa wakazizoa. Kiwanda chetu kikapata mzigo wa kubangua miezi michache tu, halafu mashine zikakaa kimya.

Ndiyo tunarudi pale kwenye viatu vya shemeji. Nimekaa kiti cha mbele, wamenipa chupa ya maji na kalamu. Mwenyekiti akasimama, akakohoa. Mtu akikohoa kabla ya kusema hela, jiandae. Akasema wenye hatifungani riba yao imelipwa yote, maana huo ni mkataba. Wenye hisa za upendeleo watapata nusu, na ile nusu nyingine imeandikwa, italipwa kabla mwenye hisa ya kawaida hajaona hata senti. Nikajiweka sawa kitini, nikijua sasa ni zamu yetu.

"Wenye hisa za kawaida," akasema, "tunawashukuru sana kwa uvumilivu wenu."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mwanangu. Nilipiga makofi kabla sijaelewa kwamba nimeambiwa sina kitu.

Kura nilipiga, maana ndiyo niliyoinunua. Tulipiga kura ya kumchagua mkaguzi wa hesabu. Nilinyoosha mkono juu kabisa, saruji yote ya mama yangu ikiwa kwenye ule mkono.

Mama Anjela, aliyekuja kusikia habari za gawio lake, alinikuta nje nimevua viatu. Akanipeleka kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, akaninunulia ugali na samaki, maana mimi nilikuwa na nauli tu. Nikasubiri maneno. Akala, akanawa, akachokonoa meno. Mwisho nikashindwa.

"Mama Anjela, si useme tu?"

"Niseme nini? Ukoko mtamu?"

Tukacheka mpaka mama lishe akaja kuangalia kama kuna aliyepaliwa. Halafu uso wa Mama Anjela ukabadilika. "Mimi kucheka ni kazi yangu," akasema. "Ila kesho alfajiri mama yako anashuka bondeni. Hilo ukalimalize na yeye."

Nilimwambia mama jioni ile ile, kila kitu, mpaka makofi. Hakugomba, afadhali angegomba. Aliinama akachungulia shimo lake lenye tofali kavu, akasema, "Haya. Tutaendelea na ndoo."

Nikasema hapana, ndoo ni yangu. Kuanzia kesho yake nikawa nashuka mimi na baiskeli na madumu manne. Wanawake wa kule bondeni walinifurahia sana. "Mwenye kampuni kaja! Mpisheni, ana kura!" "Baba, gawio leo madumu mangapi?" Na mimi nikawajibu kwamba nimekuja kukagua rasilimali zangu. Walinizoea, wakawa wananitunzia foleni. Lakini kwenye ule mlima, ukiwa peke yako unasukuma madumu manne, unapata muda mrefu wa kufikiria tofauti ya riba na kiti.

Kubadilisha hisa zirudi kuwa hatifungani haiwezekani. Mlango ule unafunguka upande mmoja tu. Nilichoweza ni kuuza. Mwalimu mmoja wa Newala mjini alizitaka hisa zangu, kwa bei ya chini kuliko niliyoingilia. Yeye hana haraka, mshahara unamlisha, anaweza kusubiri miaka mizuri ije. Kwake zilikuwa hisa nzuri kweli. Kwangu, mwenye mama na goti, hazikuwa zangu. Nikakubali hasara, na hela iliyobaki nikanunua hisa za upendeleo za binamu yake Mama Anjela, aliyekuwa anahamia Mtwara. Zilikuwa chache. Gawio lake la kwanza halikufika kwenye mifereji ya bati, liliishia kwenye saruji. Mifereji ikasubiri gawio la pili, na madumu yakaendelea. Jumla mama alikosa maji uani kwa miaka miwili kwa sababu mwanawe alitaka kuitwa mbele.

Mvua ya kwanza baada ya mifereji kufungwa ilikuja mchana. Mama alitoka akasimama kando ya kisima na khanga yake kichwani, anasikiliza maji yanavyoingia. Nikamwita ndani, hakuja. Aliporudi amelowa chapachapa, akakaa, akanyoosha lile goti, akasema, "Kesho mtu asiniamshe."

Akalala mpaka jua likawa juu. Mimi ndiye niliyepika chai.

Basi, mwanangu, nisikilize sasa. Kabla hujaiweka hela yako popote, iulize ina kazi gani nyumbani. Kama kuna mtu anaisubiri kila baada ya miezi sita, mtafutie karatasi iliyoandikwa malipo yake: hatifungani, au hisa za upendeleo. Ukipewa ruhusa ya kubadilisha, kumbuka ni ruhusa, hujaamriwa. Siku ya kuitumia ni siku kampuni imenyooka miaka kadhaa na kwenu hakuna anayeingoja ile riba. Usiitumie kwa ajili ya kiti. Na usidhani kupakuliwa kwanza ndiyo uhakika wa kushiba, maana sufuria likimwagika lote, hata kungwi analala njaa. Kwa hiyo usipeleke hela yote sehemu moja, mikorosho usiiuze, salfa usiipunguze, na anayekuahidi riba kila wiki mwitie mbwa. Karatasi isome, na usipoielewa mpelekee mtu anayeielewa, hata kama atakucheka. Mimi nilichekwa nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyosaini.

Nenda salama. Mungu akufungulie maua ya mikorosho yako bila doa, akupe kipato kinachokuja siku kilipoahidi, na akupe akili ya kukaa kimya mkekani wakati sahani yako imejaa. Na wazee wako wakuone unafanikiwa macho yao yakiwa bado yanaona. Amina.