Siku Kumi na Sita za Ukimya wa Mpaka Nta

Saa moja na robo asubuhi, Arnfinn Brekkhus anapitisha pasi juu ya ski ya mtoto wa miaka saba. Ski yenyewe, ubao mwembamba wa kutelezea thelujini, ni fupi kuliko mguu wa Arnfinn. Nta inayeyuka, moshi mwembamba unapanda, naye anageuza uso pembeni na kukohoa.

Hiki ni kibanda cha klabu ya Brattelia, hatua hamsini kutoka mahali watakapoanzia mbio watoto sitini na wanne saa tano. Leo hakuna atakayeshindwa. Kila atakayemaliza atapewa kikombe kilekile na soseji ileile, na wa mwisho atapigiwa makofi kuliko wa kwanza. Wazazi wamejipanga hadi nje ya mlango, kila mmoja na ski za mwanawe kwapani.

"Arnfinn, mwaka jana ulimtia aibu mwanangu," analalamika mama mmoja. "Alipanda kilima kiubavuubavu kama kaa."

"Mwaka jana hukuzileta kwangu. Mlipaka wenyewe."

"Mimi? Sikugusa! Ni baba yake."

"Basi mwambie baba yake akaange waffle, nta aniachie mimi."

Watu wanacheka. Arnfinn hacheki. Tangu arudi kutoka mashindano ya dunia ya ski, wanasema waliomzoea, amekuwa mtu wa kutazama meza.

Ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa majira ya baridi ishirini na mawili amekuwa mpaka nta wa timu ya taifa. Kazi yake ni kuamua nini kipakwe chini ya ski ili zishike theluji wakati wa kupanda na zisiishike wakati wa kushuka. Kwa maneno inaonekana kazi ndogo. Lakini theluji ya saa tatu si ile ya saa sita, na ya kivulini si ya juani.

Kila mwaka hulala nje ya nyumbani siku mia na arobaini. Mshahara wake haufiki wa mwalimu wa shule ya msingi. Unga wa zamani wa kung'arishia ski, uliopigwa marufuku baada ya yeye kuuvuta miaka mingi, umemwachia mapafu ambayo daktari wake anasema yanafanya kazi theluthi mbili. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa unakwisha mwezi wa nne.

"Sijawahi kuomba kazi nyingine," anasema. "Sijui ningeomba ipi."

Timu ya Norwe ilirudi na medali tisa. Nchi nyingine ingefunga barabara kwa shangwe. Hapa watu waliuliza ya kumi iko wapi.

Ya kumi ilikuwa ya wanawake, mbio za kupokezana, watu wanne. Mwanariadha wa kwanza alimaliza zamu yake akiongoza kwa sekunde kumi na nne. Akampokeza Eldrid Tveitnes, msichana wa hapahapa Brattelia, miaka ishirini na miwili, mashindano yake ya kwanza makubwa. Eldrid alipofika kilima cha kwanza alianza kurudi nyuma. Akajisukuma kwa fimbo, akateleza, akajisukuma tena. Alipomaliza zamu alikuwa wa nane. Alikuwa amepoteza dakika moja na sekunde kumi na moja. Wenzake wawili waliobaki walijitahidi hadi nafasi ya tano, na nafasi ya tano Norwe haina jina.

Kuna neno ambalo kila mtoto wa nchi hii hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: *smørebom*. Ni siku nta imekosewa na taifa zima likashinda limenuna. Waziri akikosea bajeti husamehewa baada ya wiki mbili. Mpaka nta aliyekosea huulizwa habari hiyo hata dukani, miaka kumi baadaye, akiwa na maziwa mkononi.

Safari hii hakuna aliyelitamka neno hilo. Ski za aliyeongoza zilitoka kwenye lori lilelile la nta, ndiyo karakana ya timu, na ziliteleza vizuri. Kisha Eldrid mwenyewe akasimama mbele ya kamera, barafu ikiwa imeganda kwenye nyusi zake, akasema, "Ski zilikuwa nzuri. Miguu yangu ndiyo iliyokataa."

Yakamwagika matusi. Kwamba alipewa nafasi kwa upendeleo. Kwamba arudi kwao akakamue ng'ombe. Wiki iliyofuata makocha walisema wanaitazama upya orodha ya timu ya msimu ujao, na orodha hiyo itasomwa Ijumaa hii. Asiyekuwemo hujitegemea kwa kila kitu, kuanzia kocha hadi tiketi ya basi. Eldrid amekwisha kuwaambia wazazi wake kwamba jina lake lisiposomwa ataziweka ski darini na kutafuta kazi.

Hayo yote Arnfinn ameyasoma. Mkewe, Torbjørg, anasema mumewe alikuwa akisoma matusi ya Eldrid jikoni kila asubuhi, la kwanza hadi la mwisho, chai ikipoa. "Nikamwambia, mume wangu, mbona unajitesa na mambo ya mtoto wa watu? Akaniangalia kama niliyemkanyaga kidonda."

Kibandani foleni inasogea. Zamu inamfikia Oddvar Haugli, dereva mstaafu wa lori la maziwa, aliyeleta ski za mjukuu wake. Oddvar ni mtu wa mizaha, na leo ana wasikilizaji.

"Mpake vizuri huyu, Arnfinn. Lakini nta nayo ina mwisho wake, au siyo? Kama yule Eldrid wetu. Amepewa ski kama gari la waziri, dereva kasinzia!"

Wawili watatu wanaguna kwa kicheko. Wengine wanatazama viatu vyao, maana Eldrid mwenyewe yuko nje pale, anawabandika watoto namba vifuani.

Arnfinn anaiweka pasi mezani. Anaichomoa kwenye umeme, anaukunja waya polepole.

"Oddvar, hayo maneno nirushie mimi."

"Ah, bwana, si utani tu?"

"Msichana hakuwa na kosa. Ski zake nilimpa zikiwa na joto."

Hakuna anayeuliza maana yake. Mtoto wa huku hufundishwa jambo hilo pamoja na kunawa mikono: ski ikitoka ndani huwekwa nje kwanza, ipoe, ndipo ikanyage theluji. Ikikanyaga na joto lake, theluji huyeyuka chini yake na kuganda upya, utando wa barafu mwembamba ambao hata kamera haiuoni. Baada ya hapo nta iliyofunikwa na barafu hiyo haishiki tena, hata ingekuwa bora namna gani.

"Zilikuwa na joto?" anauliza Oddvar. Sauti yake imebadilika. "Wewe?"

"Mimi."

Anaeleza akiwa amesimama, mikono mezani. Dakika kumi na nane kabla ya zamu ya Eldrid ilianza kuanguka theluji mpya, ya majimaji, hewa ikiwa kwenye nyuzi sifuri hasa, kipimo ambacho wapaka nta hukiogopa kuliko baridi kali. Aliona nta aliyokwisha kupaka haitafaa. Akaikwangua yote, akapaka nyingine kwa moto. Ski zilihitaji robo saa nje. Alizipa dakika tatu, labda nne, kisha akakimbia nazo uwanjani.

"Ningemwachia zile za mwanzo angepoteza sekunde kumi," anasema. "Tungepata medali, hata ingekuwa ya shaba. Mimi sikutaka zipotee hata hizo kumi."

Na kwa nini alinyamaza? Baada ya mbio, anasema, mkuu wa timu, Vegard Solli, aliingia kwenye lori na kuuliza kama waseme ni nta. Arnfinn alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Wakati huohuo televisheni ya ukutani ikamwonyesha Eldrid akisema habari ya miguu yake. Vegard akashusha pumzi, akasema basi, si sisi, akatoka.

"Nilijisikia kama niliyetuliwa gunia. Nilishukuru," anasema Arnfinn, na macho yake yamelowa. "Kukosea hukosea kila mtu. Lakini mimi nilishukuru."

Oddvar amevua kofia yake ya sufu na anaizungusha vidoleni. Hana mzaha tena. Anasema tu, kwa sauti ndogo, "Haya, nenda basi. Nta nitamalizia mimi."

"Wewe utawaharibia watoto."

"Watapata soseji vilevile. Nenda."

Kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya namba ni mwendo wa dakika moja. Arnfinn anautembea kama mzee wa miaka themanini. Eldrid amepiga magoti mbele ya kitoto kimoja cha kike na pini nne mdomoni. Anamwona, haachi kazi yake.

"Eldrid, mwanangu. Nimewaambia mle ndani. Ski zilikuwa na joto."

Anatoa pini mdomoni. "Najua."

"Unajua?"

"Nilizishika kwa chini uliponipa, mzee. Nilikuwa bado sijavaa glavu."

Kitoto kinawatazama kwa zamu, kisha kinachoka na kukimbilia kwa wenzake.

"Ulijua, ukazivaa?"

"Nilizivaa."

"Kwa nini hukusema, mama? Neno moja tu! Zile za akiba zilikuwa palepale ukutani, baridi."

"Nimwambie nani? Wewe?" Anainuka, anajipangusa theluji magotini. "Mtoto wa chekechea angesema. Mimi nikajiambia, huyu ni Arnfinn, ana sababu zake. Huenda ni nta mpya inayotaka hivyo. Ningeanzaje kukufundisha kazi mbele ya watu, nawe ulianza kupaka kabla sijajua kutembea?"

Ndiyo maana, anasema, alisema ni miguu. Angetaja nta, angeulizwa alijua lini. Aliona haya. Hakudhani matusi yangekuwa mengi hivyo.

"Umebeba lawama yangu siku kumi na sita," Arnfinn anasema.

"Ungeweza kunitua siku ya pili."

Hakupandisha sauti. Amelisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa, na labda ndiyo maana Arnfinn analipokea bila kujitetea. "Kweli," anasema. "Ningeweza."

Kisha Eldrid anamwulizia kikohozi chake, naye anasema kiko palepale. Ukiwa umeishi na watu hawa utajua kwamba huko ndiko kupatana, au walau mlango wake.

Simu anaipiga papo hapo, Eldrid akisikia. Haichukui dakika mbili. "Vegard, ni mimi. Ile ya kupokezana. *Smørebom*, na ni yangu... Ndiyo, nina uhakika... Hapana, hakuna aliyenilazimisha... Najua mkataba unakwisha lini, Vegard, mimi ndiye niliyeusaini. Liandikwe kabla ya Ijumaa, basi."

Alipotafutwa na gazeti hili, Vegard Solli alisema makocha wameipokea taarifa hiyo na wataizingatia. Hakusema kama jina la Eldrid litakuwemo. Kuhusu mkataba wa Arnfinn alisema si wakati wa kuuzungumzia, na kwa lugha ya ofisi za michezo hilo mara nyingi ni jibu tosha.

Saa tano watoto wanaanza, wote sitini na wanne kwa mpigo, na ishirini wanaanguka kabla ya mita kumi. Ski alizopaka Oddvar zimekwenda ovyo, kama ilivyotabiriwa. Arnfinn anatazama akiwa ameegemea uzio, amekunja mikono.

Hategemei kuitwa tena na timu ya taifa, anasema. Ameumia, na hafichi. Miaka ishirini na miwili si mchezo, na kuna asubuhi anaamka akiwa amekwisha kupanga masanduku kichwani. Lakini amezungumza na klabu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, kila Jumatano, atafundisha kupaka nta hapa kibandani, bure, watoto kwa wakubwa.

Somo la kwanza amekwisha kuliandaa, na si la nta.

"Nitawapa ski zenye joto makusudi, nisiseme kitu," anasema. "Nitakunja uso, nijifanye mtu mkubwa wa timu ya taifa. Nataka nimwone mmoja, hata mmoja tu, akizigusa chini na kunirudishia."