Kifaru Dhahabu na Kondoo wa Kaka Mageni

TANGAZO KWA WATU WOTE WA JIMBO LA ZIWA, WAKE KWA WAUME, WENYE KUSOMA NA WENYE KUSOMEWA.

Mimi, Theonest, mwanafunzi wa darasa la nane, msemaji mkuu wa mdahalo wa bweni letu, natangaza rasmi kwamba nimesalitiwa.

Aliyenisaliti hana macho, hana ulimi, na ukimaliza kumtumia anajikunja akalala mfukoni.

Tangazo hili nimelisoma kwa sauti ya padri mbele ya hadhira ya mbuzi. Beberu alinitazama, akatafuna, akanigeuzia mkia.

Ndiyo. Msemaji mkuu siku hizi anachunga mbuzi, ndiyo adhabu yake. Sikilizeni ilivyokuwa.

Nilirudi nyumbani likizo ya Desemba, mwaka wa 1954. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Geita, na kila mtu huko ana ndugu mgodini.

Wangu ni Kaka Mageni.

Baba alipofariki, Mageni aliacha kuchunga akaenda kuchimba. Karo yangu ilitoka chini ya ardhi. Kaptula yangu ya shule ilitoka chini ya ardhi. Hata Kiswahili hiki ninachowaringia nacho kililipiwa na mtu anayepiga nyundo gizani.

Likizo hiyo alikuwa nyumbani, maana alitaka kuoa. Mchumba wake ni Nyamizi, binti wa Mzee Ngassa.

Siku niliyofika, kabla sijamaliza kunywa uji, akaniletea kiboksi cha bati.

"Fungua, msomi."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa kimelala kisu cha kukunja. Mpini wa pembe. Ubavuni amechorwa kifaru wa rangi ya dhahabu.

Nikaangua kicheko mpaka uji ukanipalia.

Lazima mjue. Kifaru ni kisu cha watu wote. Kinauzwa popote palipo na chumvi na mafuta ya taa, shilingi na sumuni tu. Mpini wake mti, umbo lake baya kama kidole gumba. Wachungaji wanacho, akina mama wanacho, katekista anacho. Mimi mwenyewe ninacho.

Sasa mafundi haohao wa Kifaru wamepata kiburi. Wametoa kitu kinaitwa Kifaru Dhahabu.

"Kaka, umetoa nini kwa hiki?"

"Kondoo."

"Kondoo mzima?"

"Alikuwa anakohoa."

"Na hiki kitakohoa, ngoja tu!"

Mama akacheka jikoni. Mageni hakukasirika.

"Chuma chake ni kingine, Theo. Bi Mwanaima mwenye duka alichonga nacho kijiti cha mpingo mbele ya macho yangu."

"Mtu wa shilingi na sumuni ukimvika kanzu hawi shehe, kaka. Umelipia kiboksi. Umelipia kitambaa. Kile kifaru cha rangi ndicho kimekula kondoo wako."

Nikatoa changu, nikaviweka pamoja. Urefu mmoja. Upana mmoja. Hata matundu ya pini yako mahali pamoja. Nikahutubia kama niko bwenini, kidole juu.

Mageni akasubiri nimalize.

"Siku zote nimenunua vya bei rahisi," akasema. "Mara moja na mimi nishike kitu kizuri."

Maneno hayo yalitakiwa kunifunga mdomo. Hayakunifunga.

Baadaye Mzee Ngassa akaja kukagua ng'ombe wa mahari. Ni mzee mfupi, na fimbo yake ni ndefu kuliko yeye. Alizunguka zizi, akapiga huyu kiunoni, akamchungulia yule meno. Mwisho akasimama mbele ya mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji.

"Hao wengine ni hesabu," akasema. "Huyu ndiye mahari. Akiwapo, binti yupo. Asipokuwapo, tusisumbuane."

Mageni akakubali. Kuanzia hapo mtamba yule akawa anaangaliwa kuliko mimi.

Jumamosi ikafika, siku ya ng'ombe kutoka. Mzee Ngassa akaja mapema na jamaa zake. Mama anawakaribisha, vigoda vinatolewa, mara kelele kutoka shambani.

Mtamba mwekundu alikuwa amevunja boma alfajiri. Alikuwa ameingia kwenye mtama mchanga uliolowa mvua, akala kama anayelipwa.

Tulipomfikia alikuwa amevimba ubavu wa kushoto kama ngoma iliyowambwa. Macho yamemtoka. Anapumua kwa mdomo, ulimi nje.

"Mtembezeni!" mmoja akapaza sauti.

Tukamtembeza. Akapiga magoti.

"Mnywesheni samli!"

Tukamnywesha samli. Ikatoka puani.

Mzee Ngassa alisimama tu, ameegemea fimbo. Ukimya wake ulikuwa unavunja uchumba.

"Atobolewe," Mageni akasema. "Upepo utoke, la sivyo anakufa. Leteni utete."

Kila mfugaji wa kwetu anajua. Unapima kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, upande wa kushoto, unachoma mara moja kwa nguvu, unapachika utete tundu lisizibe. Ukisitasita ngozi inakushinda, maana imekazika kama ubao.

Mageni akaingiza mkono mfukoni. Akakunjua Kifaru Dhahabu. Jua likapiga pale penye dhahabu, na jamaa za Mzee Ngassa wakasema, "Aaa!"

Akachoma.

Chuma kikapinda.

Kikapinda, jamani, kama kijiko cha bati! Kikateleza juu ya ngozi, kikajikunja, kikambana kaka vidole na kumkata. Damu ikaruka mpaka kwenye baka jeupe la mtamba.

"Yaya!" Mama akapiga kelele. Kisukuma cha hapana, na hapo kilitosha.

"Hicho ndicho cha kondoo?" Mzee Ngassa akauliza, maana habari ya kondoo ilishazagaa kijijini.

Ndipo nikatokea mimi, shujaa.

"Kaka! Shika hiki!"

Nikamrushia kisu changu kibaya, chenye mpini wa mti. Akakidaka kwa mkono wa kushoto, akakikunjua kwa meno, akachoma. Kikaingia kama kwenye ugali. Upepo ukatoka kwa sauti na harufu ambayo sitaieleza, maana kuna watu wanakula. Utete ukapachikwa. Mtamba akalala, akahema, baadaye akainuka.

Watu wakanibeba juujuu. Nami ningefanya nini? Nikatoa hotuba.

"Ndugu zangu! Mmeona leo cha bei ghali na cha bei rahisi! Kimoja kina kiboksi, kimoja kina kazi!"

Wakapiga vigelegele. Mageni alikuwa amekaa chini, Mama anamfunga vidole kwa kipande cha khanga. Hakutazama mkono. Alikuwa anatazama kile chuma kilichopinda.

Nilidhani tumemaliza. Mzee Ngassa hakuwa amemaliza.

"Mageni. Mtamba amepona, nashukuru. Lakini mtu anayetoa kondoo akapewa bati, nikimpa binti yangu si atambadilisha na kitu cha kung'aa?"

"Baba, nilidanganywa."

"Basi nenda kwa aliyekudanganya. Kondoo arudi kwanza. Asiporudi, ng'ombe hawatoki na mimi sina binti wa kutoa."

Tukaenda. Kaka na mkono wake wa khanga, Mzee Ngassa na fimbo yake, na mimi, kwa sababu kesi ilihitaji mtu wa maneno.

Duka la Bi Mwanaima liko senta, karibu na njia ya wachimbaji. Ni mama mjane, mtu wa Tabora, mnene, mpole mpaka umguse.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mzee, starehe. Mageni, mkono una nini?"

Mageni akaweka kisu kilichopinda juu ya meza.

"Usiulize mkono, mama. Uliza hiki kina nini. Nilikuamini."

"Mimi nimekuuzia hiki?"

"Wewe, kwa kondoo wangu. Leo kimenitia aibu mbele ya baba mkwe."

Wateja wakaacha chumvi yao. Mmoja akasema chini kwa chini, "Mama anauza mabati." Niliona uso wa Bi Mwanaima ukibadilika. Duka lile ndilo mume wake.

"Visu hivi nimewauzia wachinjaji," akasema. "Hakuna aliyerudi."

Hapo nikasimama, mikono nyuma.

"Mama yangu, kwa heshima zote. Kifaru ni Kifaru tu. Vyote vimetoka tumbo moja. Hicho cha kondoo kimepinda, changu cha shilingi na sumuni kimeokoa ng'ombe. Shahidi ni mimi, na ng'ombe mwenyewe yupo."

"Hee! Mtoto huyu anasema vizuri," Bi Mwanaima akasema. "Hebu nikione hicho cha ajabu."

Nikakitoa. Nikamwonyesha kwa mbali, kikiwa kimekunjwa.

Akacheka kidogo.

"Nimekipenda. Nipe, nikupe viwili vipya. Namna hiyohiyo."

"Hapana, mama. Asante."

"Vitatu."

"Hiki nimekizoea."

Akageuka, akaishusha kutoka ukutani kadi nzima ya visu vya Kifaru vya mti, vyote vipya, vimefungwa kwa uzi. Akaiweka mezani.

"Chukua kadi yote. Na sukari ya kumpelekea mama yako. Nipe hicho kimoja kikuukuu."

Mtoto yeyote mwenye akili angeshakubali. Mimi nikajikuta nimerudi nyuma hatua, mkono umezama mfukoni.

"Sitaki, mama."

"Si ulisema Kifaru ni Kifaru tu?"

Msemaji mkuu akaanza kuangalia mlango.

"Mzee," Bi Mwanaima akamwambia Mzee Ngassa, "mimi sijui chuma, nauza tu. Lakini kuuza kumenifundisha kitu. Mtu akikataa kadi nzima kwa kimoja, ujue anajua kimoja hicho ni nini."

Mageni akanigeukia. Bado hakuwa ameelewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alikuwa bado yuko upande wangu.

"Theo, mpe mama. Una wasiwasi gani?"

Sikutoa mkono. Akanishika kifundo, akanitoa mkono mfukoni taratibu, akanifungua vidole. Yeye mwenye vidole vilivyofungwa khanga. Akakikunjua kisu kile cha mpini wa mti.

Chuma cheupe, kimenyooka, bila doa. Akakitazama. Akakitazama kile kilichopinda. Akanitazama mimi.

"Kaka, ni mimi," nikasema. "Nilivibadilisha vyuma."

"Lini?"

"Ulipokwenda kuoga mtoni, wiki niliyofika. Shuleni chumba cha ufundi wametufundisha kutoa pini. Nikakitia chuma chako kwenye mpini wangu, na changu kwenye wako. Nilitaka kuona kama utatambua. Hukutambua. Ukawa unakipangusa kila jioni, na mimi najificha nyuma ya ghala nacheka."

Hakuna aliyecheka dukani.

"Nilitaka kuvirudisha. Haki ya Mungu, kaka. Lakini kilikuwa kinakata vizuri mno. Kila siku nikasema kesho."

Mzee Ngassa akapumua kwa nguvu, akagonga fimbo chini.

"Kumbe kondoo hakuliwa bure! Mama, tusamehe. Mageni, kijana wangu, ulijua ulichonunua. Ng'ombe watoke leo leo. Nyamizi ni wako."

Kaka akamwomba radhi Bi Mwanaima mbele ya wateja wote, kofia mkononi, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Bi Mwanaima akamfungia sukari ya harusi, akakataa kulipwa. Mimi hakunipa hata jicho.

Basi mkitaka fundisho, chukueni. Mkiniuliza bwenini kama mafundi wa kisu cha shilingi na sumuni wanaweza kutengeneza kingine kikastahili kondoo, nitapanda jukwaani nijibu ndiyo, wanaweza, nimekishika kwa mkono wangu. Usimcheke mtu aliyelipia kitu kizuri. Pengine yeye ameona thamani na wewe umeona wivu tu. Na ukitaka kushinda mdahalo, shinda kwa hoja, usishinde kwa damu ya ndugu yako.

Njiani kurudi, Mzee Ngassa alitangulia akiimba. Mimi na kaka tulikuwa nyuma. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Theo, nikuulize neno moja tu. Mtamba alipokuwa anakufa, nikatoa kile cha dhahabu. Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu. Ulijua kitapinda?"

Nilikuwa na uongo wa aina nyingi tayari, wote wa Kiswahili safi alichonilipia yeye.

"Nilijua, kaka."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilitaka kipinde watu waone."