Blanketi za Ndege na Moshi wa Koko

Juzi nilirudi Kitengela kumwonyesha fundi mahali pa kuchimba choo, nikashindwa kujua boma letu lilisimama wapi. Pande zote ni ghorofa. Nilizunguka na fundi yule mpaka akaanza kunihurumia, mwisho nikamwambia achimbe popote. Nimechoka, rafiki yangu. Nimefika umri wa kuchoshwa hata na kukumbuka, lakini hili la blanketi acha nikueleze, maana wawili niliokuwa nao siku hizo wameshazikwa.

Miaka ya tisini Kitengela ilikuwa nyasi, mbuzi, na vumbi la simiti kutoka upande wa Athi River. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa mfagizi wa ndege katika kampuni ndogo iliyopeleka watu visiwani, Lamu na Pemba, akilala Embakasi na kutujia mwisho wa mwezi tu. Nililelewa na mama yake baba, koko, kama tunavyomwita nyanya kwa Kimaasai.

Kisha kampuni ikapata ndege kubwa. Ikawa inakusanya watu visiwani na kuwavusha bahari hadi Ulaya. Safari ya saa moja haina haja ya blanketi, lakini ya kutwa kucha inazihitaji kwa mamia. Mama akawaambia wakubwa wake kwamba kwake kuna jua na upepo wa kutosha, na kufua atafua yeye. Wakakubali. Hivyo ndivyo mama alivyorudi nyumbani. Alirudishwa na blanketi.

Pikapu ilileta magunia Jumatatu na Alhamisi. Maji yalitoka kisimani kwa punda. Mimi nilikanyaga blanketi kwa miguu ndani ya pipa lililokatwa katikati, povu likinifika magotini, na mama na koko wakazikamua, huyu akivuta huku na yule kule, wakicheka kama wasichana. Ndani yake tulikuta makombo ya biskuti, na siku moja soksi ya mtoto mchanga, ambayo koko aliiweka kwenye kisanduku chake akingoja mwenyewe arudi kuidai. Kabla ya kukunja, mama alinusa kila moja. Alisema mtu hafai kujifunika harufu ya mwenzake. Jioni nililala nikimwegemea ubavuni, na sijawahi kuwa na raha kama ile tena.

Ukame ukaja. Injini ya kisima ikafa, punda wakawa wanarudi na mitungi mitupu. Tulisuuza blanketi kwa maji ya kuombaomba, zikakauka na uvundo wa jasho na sabuni. Siku moja mama akaenda Kajiado kufuatilia cheti changu cha kuzaliwa, na pikapu ilikuwa ije saa kumi. Koko akanusa blanketi moja, akakunja uso.

"Hii iko na harufu mbaya," akasema. "Watu watasema mamako ni mchafu. Lete makaa."

Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Kinafukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, na kisichofukizwa hakiwekewi maziwa ya mtoto. Koko alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa msichana, na kwake moshi ule ndio uliokuwa usafi wenyewe. Basi nikaleta makaa. Tukatandaza blanketi juu ya fito, chini tukaweka oloirien, na mchana kutwa tukazigeuzageuza. Zilitoka zikinukia nyumbani. Nilizikunja mwenyewe, na mama aliporudi pikapu ilikuwa imeshaondoka.

Siku ya tatu dereva alikuja bila gunia hata moja. Koko alikuwa malishoni na mbuzi.

"Mama, ndege imerudi," dereva akasema. "Wamefika juu ya bahari, wamefungua blanketi, wakanusa moshi. Pailoti akageuza. Wamefungua mpaka sakafu wakitafuta moto. Kwani mlizifanyia nini?"

Hakuna aliyeumia. Lakini kazi ya kufua nyumbani ilikuwa imekwisha, na kama mama alitaka, ufagio wake bado ulikuwa Embakasi. Mama alinitazama, nikamweleza yote. Hakunichapa. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akasema, "Koko asijue. Alifanya na roho safi. Akijua, hataweza hata kushika kibuyu tena."

Jumapili akafunga mzigo. Koko alipouliza habari ya blanketi, mama akasema kampuni imenunua mashine.

Tangu siku hiyo koko aliwaambia majirani, kanisani na njiani, kwamba mke wa mwanawe alipenda mji kuliko mtoto. Mama alikuja mwisho wa mwezi na sukari na majani, akapokewa kwa salamu baridi, akainamisha kichwa kama kawaida. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilijua, nikanyamaza miaka kumi na zaidi.

Kampuni ile ilikufa. Oloirien ilikatwa, maziwa yakaja kwa pakiti, na sijui kama huko kwetu bado kuna kibuyu kinachofukizwa. Koko alipolazwa Kajiado, aliyemwosha na kumlisha alikuwa mama. Mchana mmoja, mama akiwa amekwenda kutafuta chai, koko alinishika mkono.

"Mamako ni mtu mzuri," akasema. "Aliacha wewe ukiwa mdogo, lakini mimi nimemsamehe. Umwambie."

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akatikisa kichwa polepole. Nikafunga mdomo. Koko alifariki siku mbili baadaye, akiwa amemsamehe mama kosa ambalo mama hakulifanya.