Kivuli cha Garia Tooting

Nilikubali mwaliko wa Sumita kwa sababu ya neno moja: mavuno. Tunatunza wazee pamoja kazini, na kwao Tripura, India, msimu huu humwomba mungu Garia mavuno mema. Mimi ni mtu wa kanisa, nikamwambia nitakuja kutazama na kula tu. Lakini tangu nitoke kwetu Fizi sijaona watu wakishangilia shamba, na hamu hiyo imenikaa moyoni.

Jumapili baada ya ibada nilipanda treni Edmonton, kaskazini mwa London, nikabadilisha mara mbili, nikashukia Tooting, kusini. Manyunyu yalinisindikiza hadi mlangoni.

Uani walikuwa wamesimika mwanzi na kuuvika nyuzi za pamba na maua. Huyo ndiye Garia. Mama yake Sumita, ambaye miguu imemkataa, alikuwa jikoni kwenye kiti cha magurudumu, maua mapajani. Daktari amewaambia wasitegemee kuwa naye mwakani. Alitaka kumwekea Garia maua kwa mkono wake mwenyewe.

Ghafla jua likatoka, jua la London lisilo na adabu. Kivuli cha mwanzi kikalala mbele ya mlango wa jikoni. Ngoma iliyokuwa ikipigwa uani ikanyamaza.

"Kivuli cha Garia hakivukwi," Sumita alinieleza. "Atakasirika."

Kutwa tulilalamikia mvua, sasa tukaomba mawingu. Wapi!

"Huko nyuma hakuna geti?" niliuliza.

"Lipo, la kutolea takataka."

Nikamtoa mama kwa mlango wa mbele, tukauzunguka mtaa. Ngoma ilianza tena, tukaisikia juu ya mapaa, na viganja vyake vikaifuata magotini. Nilimkumbuka marehemu mama yangu akipepeta maharage huku akiimba, nikalia barabarani bila haya.

Tuliingilia kati ya mapipa. Akaweka maua yake, vijana wakacheza wakituzunguka. Kisha akanishika mkono, akasema jambo.

"Anasema sasa imba wimbo wa kwenu," Sumita alitafsiri.

Nikafungua mdomo. Wimbo haukuja.

Kwenye treni ya kurudi nilimpigia dada yangu mkubwa kule Fizi.

"Yaya, uniimbie ule wimbo wa maharagi."

"Ule? Si ni wewe mama alifundisha wa kwanza!"

Nilidhani hamu yangu ilikuwa ikinitunzia vya nyumbani nisivisahau. Kumbe ilikuwa inalia tu. Yaya akaanza. Mbele ya abiria wote nikamfuata, nikakosea, akanirudisha mwanzo.